Acquit: maana na asili yake, na utata wa «kuachiwa huru»

acquit (kitenzi elekezi cha Kiingereza, lugha ya sheria)

1. Kwa mahakama: kutamka kwamba mshtakiwa hana hatia katika kosa aliloshtakiwa, na kumwachia huru kwa sababu hiyo. Kinyume chake ni «convict», kumtia mtu hatiani.
2. (matumizi ya zamani) Kulipa au kufuta deni. Kumtoa mtu katika wajibu uliomfunga.
3. (pamoja na kiwakilishi rejeshi) Kujimudu. Kutekeleza jambo kwa namna inayostahili.

Msomaji anayefika katika ukurasa huu kwa kawaida anatafuta neno moja la Kiswahili la kuweka mahali pa «acquit», na jibu fupi analolipata katika kamusi nyingi ni «achia huru» au «achilia». Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Nalisema hili kwa kuwa niliwahi kulitoa mwenyewe, mahali ambapo kutotosha kwake kuligharimu watu.

Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa mama yangu mdogo, huko kwetu Rasbura, Lindi, alishtakiwa kwa wizi wa magunia ya korosho. Kesi iliahirishwa mara nyingi. Siku moja mama mdogo alinipigia simu kwamba kijana ametoka, na kwamba wamepewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Akamwita mwanafunzi wa jirani anisomee. Yule mwanafunzi alisoma polepole, herufi kwa herufi pale neno lilipomshinda, na nikasikia kwamba mashtaka yameondolewa na mshtakiwa yuko «discharged» chini ya kifungu cha 98(a). Mimi, mwenye shahada tatu za isimu, nikamwambia, «Mama, kaachiwa huru.» Jioni ile alichinjwa mbuzi. Kesho yake mama mdogo akasafisha nyumba, na pamoja na makaratasi mengine ya kesi akachoma stakabadhi za chama cha msingi zilizoonyesha kuwa magunia yale yalipimwa kwa jina la mwanawe. Kesi si imekwisha? Baada ya wiki sita kijana alikamatwa tena kwa shtaka lilelile.

«Mwanangu,» aliniuliza kwenye simu, «si wewe uliyesema kaachiwa huru?»

Vitenzi viwili, tafsiri moja

Kiingereza cha sheria kinatenganisha «acquit» na «discharge». Anayepata la kwanza amepimwa na mahakama na kuonekana hana hatia, au ushahidi dhidi yake haukufikia kiwango cha kumdai maelezo. Anayepata la pili ameruhusiwa kwenda zake. Swali la hatia yake halikujibiwa.

Tofauti hiyo si ya kupamba maandishi. Katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura ya 20, iliyotungwa mwaka 1985, inabeba uzito wote wa uhuru wa mtu. Natumia hapa namba za vifungu za toleo la 2019. Kifungu cha 137 kinamlinda mtu aliyekwisha kuhukumiwa au kuonekana hana hatia asishtakiwe upya kwa kosa lilelile, maadamu uamuzi ule haujatenguliwa. Ulinzi huo unamhusu aliyepata «acquit» tu. Kifungu cha 98 kinampa mwendesha mashtaka nafasi ya kuondoa shauri kwa idhini ya mahakama, na kinagawanyika vipande viwili: shauri likiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anakuwa «discharged», na kuachiwa huko hakuzuii mashtaka mapya, likiondolewa baada ya kuitwa kujitetea, sharti awe «acquitted». Kifungu cha 91 kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kusitisha kesi wakati wowote kabla ya hukumu, na anayeachiwa kwa njia hiyo naye ni «discharged» tu. Kifungu cha 230 kinahusu mshtakiwa anayeonekana hana kesi ya kujibu. Huyo, ijapokuwa hakufungua kinywa kujitetea, ni «acquitted» kamili. Nimekutana na familia zilizodhani kwamba «hana kesi ya kujibu» ni ushindi nusu, na kwamba «mashtaka yamefutwa» ndiyo ushindi mzima. Mambo yako kinyume chake.

Sasa tazama magazeti yetu yanavyoandika. Yote manne ni «aachiwa huru». Ukiongeza dhamana na msamaha wa Rais, ni sita. Mitaani Lindi kuna neno fupi zaidi, «katoka», nalo linameza hata aliyemaliza kifungo chake.

Asili ya neno: deni lililolipwa

«Acquit» kiliingia katika Kiingereza katika karne ya 13 kutoka Kifaransa cha kale, «aquiter», chenye maana ya kulipa au kumaliza dai. Nyuma yake kuna Kilatini, «quietus», aliyetulia, aliyepumzika. Mdaiwa aliyelipa ametulia, na anayemdai hana tena sababu ya kugonga mlango wake. Kutoka shina hilohilo Kiingereza kimepata «quiet», kimya, na «quit», kuacha. Maana ya kimahakama ilizaliwa juu ya ile ya deni: mashtaka ni dai, na anayeonekana hana hatia ni mtu ambaye hadaiwi kitu.

«Discharge» nacho ni cha Kifaransa, lakini picha yake ni nyingine kabisa. Msingi wake ni neno la Kilatini la mkokoteni, «carrus», na maana yake ya kwanza ni kupakua, kushusha mzigo. Aliyetuliwa mzigo anaweza kutwikwa tena kesho, ilhali deni lililolipwa halilipwi mara ya pili. Sidai kwamba waliotunga sheria walikuwa wakikumbuka mikokoteni. Wanasheria huchagua maneno kwa mazoea ya mahakama, wala si kwa etimolojia. Lakini kwa mwalimu anayetafuta namna ya kuwafanya wanafunzi wasisahau tofauti hizi, picha hizi mbili zinafaa kuliko fasili ndefu.

Kwa nini Kiingereza kilichota vitenzi vyake vya mahakamani kwa Wafaransa? Kwa sababu baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, mahakama za wakubwa ziliendeshwa kwa lugha ya wakubwa. Mwaka 1362 ilitungwa sheria ya kuagiza mashauri yajadiliwe kwa Kiingereza, na sababu iliyotajwa ni kwamba wananchi hawakuelewa kinachosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na kumbukumbu za mashauri ziliendelea kuwekwa kwa Kilatini. Hata leo kinga ya kutoshtakiwa tena kwa kosa ulilokwisha kuonekana huna hatia inaitwa na mawakili wetu «autrefois acquit», maneno ambayo mkulima wa Rasbura hawezi kuyatambua, na mkulima wa Kiingereza vilevile.

Mfano huo unatuhusu. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya kutolea haki mahakamani. Mahakama za mwanzo zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani; juu yake, shauri liliweza kusikilizwa kwa Kiswahili lakini kumbukumbu na hukumu zikaandikwa kwa Kiingereza. Waliopigania mabadiliko hayo walisema, kwa haki kabisa, kwamba mtu ahukumiwe kwa lugha anayoijua. Lakini lugha inayojulikana inaweza nayo kuficha jambo, ikiwa neno moja limepewa kazi ya maneno mawili. Karatasi ya mama yangu mdogo ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kile kilikuwa sahihi. Utata uliingia pale nilipoitafsiri.

Achia, achilia, huru

Kitenzi cha msingi ni «acha». Kauli yake ya kutendea ni «achia», na hiyo ikirudufiwa kiambishi tunapata «achilia». Katika «aliniachia shamba», kiambishi kinaleta anayepokea. Katika «alimwachia huru», hakuna kinachopokewa. Hapo unyambulishaji unaongeza ukamilifu wa tendo, kama «tupa» na «tupilia». Waandishi wa Kenya hupenda zaidi «achiliwa huru», wa Tanzania «achiwa huru», na tofauti hiyo ni ya mazoea tu, haina athari ya kisheria. Umbo jepesi zaidi, «achwa huru», limesogezwa pembeni, na nadhani sababu inajulikana kwa kila mtu wa pwani: aliyeachwa ni aliyepewa talaka.

«Huru» ni neno la Kiarabu, «hurr», na maana yake ya kwanza haihusu gereza. Ni mtu asiye mtumwa. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, ambako misafara iliteremka kutoka upande wa Ziwa Nyasa ikiwa na pembe na watu, kumwacha mtu huru kulikuwa tendo la kisheria lenye mashahidi na, mara nyingi, hati. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903, aliupa utumwa na namna za kutoka humo nafasi ya kutosha. Wajerumani nao walitoa vyeti vya uhuru bila kuufuta utumwa wenyewe. Hali hiyo ya kisheria ilifutwa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Aliyeachwa huru na bwana wake hakuweza kurudishwa utumwani kwa sababu tu bwana amebadili nia. Neno lilikuwa na kikomo ndani yake. Kwa hiyo mama yangu mdogo aliposikia «huru» akaelewa «moja kwa moja», hakuwa amekosea Kiswahili. Alikuwa ameelewa neno kwa uzito wake wa tangu zamani. Sisi wasomi na waandishi wa habari ndio tuliolipunguza uzito.

Kiswahili kina pia neno lililokaribia zaidi roho ya «acquit», nalo halitumiki mahakamani. Ni «burai», kusamehe dai au deni, linalosikika hasa katika mambo ya mahari na mirathi: mke humburai mumewe sehemu ya mahari, na warithi humburai marehemu wao. Shina lake ni la Kiarabu lenye maana ya kuwa mbali na lawama au dai, na katika Kiarabu cha sheria cha leo neno «baraa», la shina hilohilo, ndilo hasa hukumu ya kutokuwa na hatia. Kwamba Kiarabu na Kifaransa, bila kuazimana, vimeitoa hukumu hiyo katika lugha ya madeni, ni jambo la kufurahisha. (Wanafunzi kutoka kwetu wamewahi kuniuliza kama «bura» ya Rasbura ni neno hilihili. «Ras» ni Kiarabu, kichwa au rasi, hilo halina shaka. Kuhusu kipande cha pili, kufanana kwa sauti si ushahidi, na majina ya mahali yameangusha wanaisimu wazuri kuliko mimi.) Sipendekezi «burai» liingizwe mahakamani. Anayeburai ni mwenye dai, kwa hiari yake. Mahakama inayomwona mtu hana hatia haimsamehi chochote.

Kwa sababu hiyohiyo siridhiki na «kuondolea hatia» wala «kutoa hatiani», ambazo baadhi ya wafasiri huzitumia. Huwezi kumwondolea mtu kitu asichokuwa nacho. «Kutia hatiani» ni tafsiri nzuri ya «convict», kwa kuwa mahakama kweli humtia mtu humo, lakini kinyume chake cha kisarufi si kinyume chake cha kisheria.

Mifano inayojulikana

Familia ya mwanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, inatupa mfano ambao kila Mtanzania wa rika langu anaukumbuka. Mwaka 2004 yeye na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa ya kulawiti na kubaka watoto. Februari 2010 Mahakama ya Rufani iliwaona wana wawili hawana hatia, ikabakiza adhabu ya baba na mwana mmoja, Johnson Nguza, yaani Papii Kocha. Tarehe 9 Desemba 2017, katika sherehe za Uhuru, Rais John Magufuli aliwasamehe hao wawili kwa mamlaka anayopewa Rais na ibara ya 45 ya Katiba. Mara zote mbili habari ilikuwa ileile: wameachiwa huru. Wa mwaka 2010 walitoka kwa sababu mahakama ilitengua hatia yao. Wa mwaka 2017 walitoka kwa sababu adhabu ilisamehewa. Msamaha ule haukuwa hukumu ya kutokuwa na hatia.

Mfano wa pili ni wa Machi 4, 2022. Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa mashtaka yaliyohusu ugaidi dhidi ya Freeman Mbowe, aliyekuwa Mwenyekiti wa CHADEMA, na wenzake watatu. Tarehe 18 Februari Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wana kesi ya kujibu, kwa hiyo walikuwa mlangoni mwa utetezi. Hukumu haikutolewa, aliyetaka kujua kama mahakama iliwaona na hatia au hawana hakupata jibu. Kwa Kiingereza cha sheria hiyo ni «discharge». Nchini Kenya mambo yangekuwa tofauti: Katiba ya 2010, ibara ya 157, inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka kupata ruhusa ya mahakama kabla ya kusitisha shauri, na inasema kwamba likisitishwa baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, mshtakiwa sharti awe «acquitted». Mfasiri anayehamisha habari za mahakamani kati ya Nairobi na Dar es Salaam asidhani kwamba tendo linalofanana nje lina matokeo yaleyale.

Matumizi tunayopendekeza

Pendekezo langu ni kwamba «huru» litengwe. Liandikwe tu pale mahakama ilipoamua, na sababu itajwe ndani ya sentensi hiyohiyo: «Mahakama imemwona mshtakiwa hana hatia na kumwachia huru»; «Mahakama imeona mshtakiwa hana kesi ya kujibu, ikamwachia huru.» Urefu wake si hasara. Mhariri anayetaka kichwa cha habari kifupi anaweza kuandika «Aonekana hana hatia».

Kwa «discharge», «huru» liondoke: «Mashtaka yameondolewa na mshtakiwa ameachiwa, anaweza kushtakiwa tena.» Maneno matatu ya mwisho ndiyo niliyopaswa kuyasema kwenye simu. «Kufutiwa mashtaka» ni la kuepukwa, kwa kuwa kilichofutwa, kwa sikio la Mswahili, hakisomeki tena. «Kuondoa» ni bora: kilichoondolewa mezani kinaweza kurudishwa. Dhamana inajitegemea, «ameachiwa kwa dhamana», na msamaha vilevile, «ameachiwa kwa msamaha wa Rais». Hizo hazina shida mradi neno la mwisho lisikatwe.

Zipo lahaja na mitindo ambayo haitakubali utaratibu huu, na katika ushairi au mahubiri «achilia huru» litaendelea kusema kila linalotaka kusema. Ninachozungumzia hapa ni ripoti, hati na tafsiri ambazo mtu atazitegemea kuamua afanye nini kesho asubuhi.

Kuhusu kijana wetu: karani wa chama alikuwa na nakala za stakabadhi, baada ya safari tatu za mama mdogo na subira nyingi za pande zote. Shauri la pili lilisikilizwa hadi mwisho wa ushahidi wa mashtaka, na hakimu akaamua chini ya kifungu cha 230. Mama mdogo alinipigia kabla hajatoka kwenye uzio wa mahakama.

«Hii huru ni ile ya kwanza, au nyingine?»

Nikamwambia ni nyingine, ila asichome kitu. Upande wa mashtaka una haki ya kukata rufaa hata dhidi ya «acquit», na kwa hukumu ya mahakama ya chini una siku 30 za kutoa taarifa ya kusudio hilo.